Sura ya Saba: Kifuko cha Jumapili

Konstebo Wekesa aliishusha kompyuta juu ya meza polepole, kama mtu anayetua mtungi uliojaa. Utepe wa polisi ulikuwa bado umeizunguka. Inspekta Nakhungu aliukagua muhuri, akamwonyesha Daktari Ishita, ndipo akachukua mkasi na kuukata.

"Iko vilevile tulivyoichukua," alisema. "Jumapili jioni tulipomkamata Calvince tuliifunga maabara hii kwa kufuli letu. Hakuna aliyeigusa."

"Hata ninyi wenyewe?"

"Hata sisi. Pale kituoni hakuna anayethubutu kuiwasha."

Daktari Ishita hakutabasamu. Alikuwa mhadhiri wa kemia, mzaliwa wa Kisumu hiihii, na Calvince alikuwa mwanafunzi wake wa shahada ya pili. Tangu Jumapili alikuwa amepiga simu kituoni asubuhi na jioni, na kila mara aliambiwa jambo lilelile: upelelezi unaendelea. Sasa upelelezi ulikuwa umemjia mlangoni, na ulikuwa umechelewa. Kesho yake Calvince angerudishwa mahakamani kusomewa shtaka.

Kesi yenyewe ilionekana imeiva. Ghala la mafuta la kiwanda cha sabuni cha Mzee Jaswant, kule ukingoni mwa mtaa wa Obunga, lilikuwa limeungua Jumapili alasiri. Mlinzi, mzee mmoja aitwaye Nicodemus, alikutwa kalala nje ya ghala hajitambui, na mpaka leo alikuwa hajafumbua macho. Kama angekufa, shtaka lingekuwa la mauaji. Calvince aliwahi kuwa mpimaji wa sabuni kiwandani humo, akafukuzwa kwa ugomvi. Wafanyakazi watatu walimsikia akisema kiwanda kitaungua. Zadock, fundi wa viatu aliyekaa ng'ambo ya barabara, aliona mtu wa koti la manjano akiruka ukuta. Na Calvince alipokamatwa akitembea kuelekea nyumbani Obunga, alikuwa amevaa koti la manjano la chuo.

Utetezi wake ulikuwa mmoja tu. "Nilikuwa maabara, afande. Nilikuwa naangalia molekuli."

Askari waliomsikia walicheka hadi wakashika mbavu. Nakhungu hakucheka, ila hakuamini pia. Lakini kuna kitu kilimkera katika utetezi ule. Mwongo hutafuta uongo unaoeleweka.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu wa sokoni," alimwambia Ishita kompyuta ilipowaka. "Alikuwa anaangalia nini?"

Kwenye skrini kulitokea sanduku la samawati lililojaa vitu vidogo kama viluwiluwi, kila kimoja na kichwa chekundu na mkia wa kijivu.

"Unajua sabuni inavyofanya kazi?"

"Inatoa mafuta."

"Kwa sababu kila molekuli ya sabuni ina tabia mbili. Kichwa kinapenda maji, mkia unayakimbia. Sasa uzimwage nyingi majini. Zitafanyaje? Vichwa vinataka kulowa, mikia haitaki. Basi zinakusanyika zenyewe, mikia ndani, vichwa nje. Kama watu mvua imewakuta njiani na kuna mwavuli mmoja. Hakuna anayezipanga. Wakati mwingine zinatengeneza vitonge, wakati mwingine utando mpana. Na mara chache sana, utando unajikunja kama bakuli, unajifunga, unakuwa kifuko chenye maji ndani. Ndani ya kifuko kama hicho unaweza kubeba dawa. Calvince ameunda molekuli yake kwenye kompyuta, molekuli ambayo bado hakuna mtu ameipika. Anataka kujua kama inaweza kuwa kifuko. Anatafuta tangu mwaka jana."

"Amekipata?"

"Sijui, Inspekta. Mlifunga maabara."

Nakhungu aliliacha hilo lipite. Alivuta kiti, akakaa. "Swali langu ni hili. Kompyuta inafanya hesabu yenyewe. Mtu anaweza kuiwasha, akatoka, akaruka ukuta wa kiwanda, akarudi. Sivyo?"

"Anaweza."

"Basi haimsaidii."

"Subiri." Ishita alifungua ukurasa mwingine, umejaa mistari ya maandishi. "Hizi ni kumbukumbu za kompyuta. Kila amri iliyoandikwa iko hapa na saa yake. Moto ulianza lini?"

"Kati ya saa tisa na saa kumi."

"Tazama muda huo. Hapa hesabu imesimamishwa. Hapa joto limepandishwa kidogo. Limepandishwa tena. Kisha limeteremshwa, hatua kwa hatua. Kuna mtu alikuwa anaandika."

"Au aliiachia kompyuta ratiba. Saa fulani pandisha, saa fulani teremsha."

Ishita alimgeukia, na kwa mara ya kwanza alimtazama kama mtu wa kuzungumza naye. "Hilo ni swali zuri. Njoo uone." Aliziweka kumbukumbu upande mmoja na grafu ya mwendo wa molekuli upande wa pili. "Joto limepandishwa mara tu molekuli zilipokwama. Zilipokwamuka tu, likateremshwa. Ili uandike ratiba ya namna hiyo, lazima ujue mapema zitakwama lini. Na hakuna binadamu anayejua. Kila hesabu inaanza kwa nambari ya bahati nasibu. Ukibadilisha nambari, hadithi inakuwa nyingine kabisa."

"Na kama alishaicheza hadithi hii siku nyingine akaikariri?"

"Nambari hii imechukuliwa kwenye saa ya kompyuta Jumapili hiyo alipoanza. Haikuwahi kutumika kabla."

Nje, wanafunzi walipita wakibishana kuhusu mpira.

"Sawa," Nakhungu alisema. "Kulikuwa na mtu. Lakini kompyuta haisemi ni nani. Mtu anaweza kumkalia mwenzake kiti. Wewe ulikuwa wapi Jumapili alasiri, Daktari?"

Ishita alikunja uso. "Hekaluni. Nilikuwa nagawa chakula. Kuna watu wengi waliopokea sahani mkononi mwangu."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Waliaula, mwanafunzi wangu mwingine. Yuko kwao Webuye kwenye matanga ya babu yake tangu wiki iliyopita."

Wekesa alitoka na simu, akarudi baada ya muda akitikisa kichwa. Chifu wa kule alikuwa amethibitisha: Waliaula ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu Jumapili, mbele ya kijiji kizima.

"Bado naweza kusema kuna wa nne tusiyemjua," Nakhungu alisema, kama anayejisemea. Kisha akainua kichwa. "Picha zenyewe zimehifadhiwa? Kuna aliyezitazama tangu zirekodiwe?"

Ishita alibonyeza mara mbili. "Zimehifadhiwa. Faili halijafunguliwa hata mara moja. Angalia, kompyuta ingeandika."

"Kwa hiyo aliyeziona ni yule tu aliyekuwa kwenye kiti hiki zilipokuwa zinatokea."

"Yeye tu duniani."

Nakhungu alisimama. "Daktari, nataka rekodi tatu. Moja ya Jumapili. Mbili utengeneze sasa hivi, molekuli zilezile, joto lilelile, ila nambari nyingine ya kuanzia. Ziandike moja, mbili, tatu, upendavyo. Usiniambie ya kweli ni ipi."

"Kwa nini wewe usijue?"

"Uso wangu usije ukamwambia."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vinne na dirisha lililotazama ukuta. Ishita aliachwa ofisini mwa mkuu wa kituo, mlango umefungwa. Wekesa aliweka kamera pembeni, akaiwasha.

Calvince aliletwa amefungwa pingu. Alikuwa mrefu, na siku za seli zilikuwa zimempa mabega ya mzee. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ndogo iliyokuwa mezani.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza.

"Yuko pale nje. Kila siku yuko pale nje." Nakhungu hakumwambia yote. Hakumwambia kwamba mama yake, Ajwang', aliyekuwa akikaanga mgongo wazi pale Obunga, yaani mifupa ya samaki wa mbuta iliyobaki na nyama kidogo, alikuwa amezima jiko. Wateja wake walikuwa wafanyakazi wa kiwanda. Sasa walipita mbele ya kibanda chake wakitema mate.

"Calvince, ulisema Jumapili ulikuwa unaangalia molekuli. Leo tutaziangalia pamoja. Hii ndiyo rekodi tuliyoitoa kwenye kompyuta yako. Niambie ulichofanya, hatua kwa hatua."

Aliiwasha rekodi ya kwanza.

Viluwiluwi vyekundu vikaanza kutapatapa ndani ya samawati. Calvince aliinama mbele. Vikajikusanya viwili viwili, vikawa vitonge, vitonge vikagusana. Alitazama bila kupepesa. Kisha akaegemea nyuma.

"Hii si yangu."

"Imetoka kwenye kompyuta yako."

"Si yangu, afande."

"Angalia vizuri. Molekuli si zako?"

"Molekuli ni zangu. Lakini hii sijawahi kuiona."

Nakhungu alisimamisha rekodi. Aliweka viwiko mezani, akashusha sauti. "Calvince. Kesho unasimama mbele ya hakimu. Kuna mzee amelala hospitali hajui kama kumekucha. Hiki ndicho kitu pekee kinachoweza kukusaidia, na mimi ndiye ninayekuambia ni chako. Bado unasema si chako?"

Midomo ya kijana ilikuwa imekauka. Alitazama skrini kwa muda mrefu, kama mwenye kiu anayetazama maji ya chumvi.

"Ningependa sana iwe yangu," alisema. "Lakini si yangu. Yangu haikuanza hivi."

Wekesa aliacha kuandika. Nakhungu aliiwasha rekodi ya pili.

Samawati ileile. Viluwiluwi vilevile. Kwa macho ya Nakhungu hapakuwa na tofauti yoyote kati ya mchafuko huu na ule wa kwanza. Lakini haukupita muda mrefu Calvince akainua mikono yote miwili pamoja na pingu zake.

"Ngoja! Ngoja, usipeleke mbele. Hii. Hii ndiyo." Alinyoosha kidole kuelekea kona ya skrini. "Pale chini kulia. Kutatokea kamba. Itakuwa ndefu kama nyoka. Na huku juu utakuja utando mdogo, wa duara, kama chapati. Vitakaa hivyo, kila mtu kwake. Vitakataa kuungana."

Kwenye skrini vilikuwa bado vitonge vitupu. Nakhungu alisubiri. Vitonge vya kulia vikagusana, vikashikana mkia kwa mkia, vikarefuka. Ikawa kamba. Juu, kitu cha duara kikaanza kutanda.

Wekesa alisema kitu kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini.

"Endelea," Nakhungu alisema.

"Hapa nilikasirika. Hii imenitokea mara nyingi, inakwama hivi na siku imeisha. Basi nikasimamisha, nikapandisha joto. Kidogo tu. Ukizidisha zinatawanyika zote, unaanza upya. Haikusaidia. Nikapandisha tena. Sasa tazama mkia wa ile kamba, ule wa kushoto. Utaanza kucheza. Umeona? Utagusa chapati ... sasa!"

Ncha ya kamba iligusa ukingo wa utando. Kamba yote ikamezwa, taratibu, kama tambi mdomoni mwa mtoto, na utando ukapanuka.

"Nikateremsha joto hapohapo. Polepole, nisiuvunje. Nilikuwa nimesimama, hata kiti kilianguka." Alikuwa anacheka bila kujua kwamba anacheka. Kisha kicheko kikamkauka. "Halafu nikasikia harufu. Nikaenda dirishani. Nikaona moshi mweusi, upande wa kwetu. Nikafikiri ni nyumba. Obunga ikishika moto, afande, haishiki nyumba moja. Nilisimama pale nampigia Mama. Simu haikushika. Nikapiga tena. Akapokea, akasema ni kiwandani, yeye yuko salama. Ndipo nikarudi kwenye kiti."

"Ukakuta nini?"

"Nikakuta kimeshajifunga. Kifuko, kizima, na maji ndani. Mwaka mzima nakitafuta, na kilijifunga nikiwa nimekipa mgongo." Alivuta pumzi. "Kwa hiyo kinachofuata hapa siwezi kukuambia. Sikukiona."

Nakhungu alimtazama, halafu akatazama skrini. Utando ulikuwa umetulia, mpana, ukipepea ukingoni. Angeweza kuisimamisha rekodi pale. Alichohitaji alikuwa amekwisha kukipata. Badala yake aliisogeza kompyuta karibu na kijana.

"Basi kitazame sasa," alisema.

Ukingo wa utando uliinuka upande mmoja, kisha mwingine. Ukawa kama sahani, kisha kama bakuli. Bakuli likazama zaidi, mdomo wake ukapungua, ukapungua, viluwiluwi vya ukingoni vikipapasana kutafuta jirani. Likabaki tundu dogo. Tundu lilikaa wazi kwa muda, likisitasita. Kisha likafumba.

Calvince aliweka vifundo vya mikono mdomoni. Machozi yalimtoka, yakateremka hadi kwenye pingu, na hakuyafuta.

"Ona," alisema. "Ona ilivyofanya."

Nakhungu alimpa muda. Halafu, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, aliiwasha rekodi ya tatu. Calvince aliitazama kidogo tu, akatikisa kichwa kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani.

Ofisini kwa mkuu wa kituo Ishita alisimama mlango ulipofunguliwa.

"Ya pili," Nakhungu alisema.

Ishita alikaa tena. "Ndiyo. Ya pili."

Walizikagua kumbukumbu pamoja, mstari kwa mstari. Pale Calvince aliposema alisimamisha, kulikuwa na amri ya kusimamisha. Aliposema joto, kulikuwa na joto. Na pale aliposema alikwenda dirishani hapakuwa na amri yoyote, mpaka kifuko kilipokuwa kimeshajifunga. Kampuni ya simu ilipojibu, iliongeza jambo moja: simu mbili kwenda kwa Ajwang', ya kwanza haikupokelewa.

"Mtu anaweza kukariri alichoona," Nakhungu alimwambia Wekesa. "Lakini hawezi kukariri asichokiona. Huyu amejua kila kitu isipokuwa kile alichokipa mgongo."

"Basi koti la manjano ni la nani, afande?"

"Tupeleke kwa Zadock."

*

Fundi Zadock alikuwa anapigilia soli ya kiatu cha mwanafunzi, misumari midogo ikiwa mdomoni. Aliitema kiganjani alipowaona.

"Madam, nilishasema yote. Niliona mtu wa koti la manjano akiruka ukuta."

"Akiruka kwenda wapi?"

Zadock alimkodolea macho.

"Alikuwa anatoka au anaingia?" Nakhungu aliuliza.

"Aah. Anaingia."

Maelezo yote yalikuwa yameandikwa kituoni, yamesomwa, yametiwa sahihi. Akiruka ukuta. Hakuna aliyeuliza upande, hata Nakhungu mwenyewe.

"Na wakati anaingia, moshi ulikuwepo?"

"Kwani angeruka kwa nini? Moshi ulikuwa umeanza kutoka kwa dirisha la ghala. Mimi nikakusanya viatu vya watu nikakimbia, vikiungua nitawalipa na nini?"

"Hilo koti, Baba. Ni la kitambaa, kama la wanafunzi?"

"Hapana. Ni lile la kung'aa. La watu wa boda."

Wekesa alifumba macho, akayafumbua. Nakhungu alikuwa tayari anavuka barabara.

Mzee Jaswant alikuwa uani, kilemba chake cheupe kimeshika vumbi la masizi, akisimamia vijana waliokuwa wakitoa miche ya sabuni ambayo haikuungua. Wazee wa Kisumu walimjua tangu akiwa kijana anayepeleka sabuni madukani kwa baiskeli.

"Inspekta. Umekuja na habari ya kortini?"

"Nimekuja na swali, Mzee. Wafanyakazi wako wanasema Calvince alisema kiwanda kitaungua. Hawasemi alisema atakichoma. Wewe ulikuwepo. Ni nini kilichosemwa?"

Jaswant aliondoa miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaitoa tena.

"Ilikuwa mambo ya waya," alisema. "Ile waya ya umeme juu ya mapipa ya mafuta. Alikuja ofisi yangu mara tatu. Anasema, Mzee, hii waya imechubuka, hiki kiwanda kitaungua. Mara ya tatu alisema mbele ya watu, kwa sauti. Mimi nikaona ananidharau. Nikamfukuza."

"Na hukutuambia."

"Nilijua mimi? Moto umekuja, watu wanasema ni yeye, nikaamini ni yeye. Ilikuwa rahisi." Alitazama ghala jeusi. "Hapana, si rahisi. Usiku mimi najiuliza, huyu kijana nimemkosea nini mpaka ananitaka niungue? Na kama yeye, ni wangapi wengine?"

"Hakuna, Mzee. Hakuna aliyetaka uungue."

Alikuwa bado hajamaliza kusema simu yake ilipolia. Alikuwa muuguzi wa hospitali. Nakhungu alisikiliza, akasema asante mara mbili, akakata.

"Nicodemus amefumbua macho. Amekunywa uji. Anamuulizia kijana wa boda aliyemvuta kwa miguu kutoka ghalani. Anasema aliona cheche zikidondoka kutoka juu, akajaribu kuzima kwa gunia, kisha anachokumbuka ni koti la kung'aa na mikono ikimvuta. Anataka amrudishie kijana wa watu kofia yake ya pikipiki, iliyoletwa hospitali pamoja naye."

Mzee Jaswant alikaa juu ya kreti ya sabuni. Aliweka mikono miwili juu ya magoti, akainamisha kichwa, na mabega yake yakashuka taratibu.

"Waheguru," alisema, akimtaja Mungu wake. Kisha, baada ya muda: "Nipe gari lako kidogo, Inspekta. Nataka kumuona Nicodemus. Na huyo kijana, mimi mwenyewe nitakuja kwake. Si leo. Leo hataki kuona uso wangu."

*

Jalada lilipofika kwa mwendesha mashtaka lilikaa mezani kwake muda wa kikombe kimoja cha chai. Kabla jua halijateremka, Calvince alisimama kaunta akirudishiwa mkanda na kamba za viatu, vitu ambavyo mahabusu hunyang'anywa. Mama yake alikuwa amesimama upande wa pili. Hakupiga kelele. Alimpapasa uso, masikio, shingo, kama mtu anayekagua chombo kilichosafirishwa mbali.

"Nyathina," alisema tu. Mwanangu.

"Mama, nimekipata," Calvince alimwambia. "Kile kifuko. Nimekiona kikijifunga."

"Sawa, Baba. Utaniambia. Kwanza uoge."

Nakhungu aliwapeleka Obunga mwenyewe. Hakutaka kijana aingie kwao peke yake kwa miguu, kwa kuwa habari ya kukamatwa ilikuwa imefika kabla yake na habari ya kuachiliwa ilikuwa haijafika. Alikuwa sahihi. Gari liliposimama karibu na vibanda vya samaki, watu walianza kusogea. Wanawake wawili wakaacha kupepea majiko yao. Mbele yao alikuwa Nanyama, mpakiaji sabuni, mama wa watoto wanne, ambaye Jumatatu alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha Ajwang' na kumwambia kwamba mwanawe amewanyima watoto wake unga.

"Wamemwachilia kwa nini?" Nanyama aliuliza. Hakumuuliza Calvince. Alimuuliza Nakhungu.

Inspekta alifunga mlango wa gari. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye bomba la maji.

"Kwa sababu hakuchoma. Nimepima, nimehakikisha, na jalada limefungwa. Moto ulitoka kwa waya iliyochubuka. Huyu ndiye aliyewaonya kuhusu hiyo waya, na ninyi wenyewe mlimsikia. Kitaungua, ndivyo alivyosema. Nicodemus ameamka hospitali, atawaambia mwenyewe. Kama kuna mwenye swali, aniulize mimi, sasa hivi. Asimuulize huyu mama."

Mtoto mmoja alikohoa. Mtu wa nyuma akasema, "Nicodemus ameamka?" na mwingine akasema, "Ameamka, umesikia," na maneno hayo yakapita nyuma kutoka mdomo hadi mdomo, yakizidi kupata sauti, mpaka mwanamke mmoja kule mwisho akapiga kigelegele.

"Na kazi?" Nanyama aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua ukali.

"Mzee Jaswant amesema upande uliobaki unafunguliwa Jumatatu. Wapakiaji wote."

Nanyama aliziba mdomo kwa leso. Ajwang' alikuwa amekwisha kuingia kibandani mwake. Alifuta vumbi la siku kadhaa kwenye sufuria ya kukaangia, akajaza makaa, akawasha. Calvince, bila kuambiwa, alichukua kipande cha katoni akaanza kupepea.

Nanyama alisogea hadi mbele ya kibanda. Alisimama pale, mikono imekumbatia leso, akitazama chini.

"Nipatie mgongo mmoja, Mama Calvince," alisema. "Ule mkubwa."

Ajwang' hakuinua kichwa mara moja. Alimimina mafuta, akayazungusha kwenye sufuria, akaiweka sawa juu ya makaa.

"Vuta kiti ukae," alimwambia. "Mafuta bado hayajapata moto."